Kupima ulikaji wa aloi ndani ya chumvi ya nitrati iliyoyeyushwa: mwongozo wa maabara

Mitambo ya umeme wa jua inayohifadhi joto kwa ajili ya usiku, kama Gemasolar kule Hispania, Noor III karibu na Ouarzazate nchini Moroko, au Kathu na Bokpoort za Afrika Kusini, hutumia chumvi ya aina moja: nitrati ya sodiamu asilimia 60 na nitrati ya potasiamu asilimia 40, kwa uzito. Kwenye mitambo ya mnara chumvi hiyo hukaa kwenye tenki la baridi kwa nyuzi 290 za Selsiasi, hupandishwa kwenye kipokezi kilicho juu ya mnara, mahali vioo vinapoelekeza jua, kisha hurudi kwenye tenki la moto ikiwa na nyuzi 565. Kwenye mitambo ya vioo virefu inayopitisha mafuta, tenki la moto halifiki hata 400. Kote huko chumvi inatarajiwa kukaa ikigusa chuma miaka 30 mfululizo, na mhandisi lazima ajue ni unene gani wa chuma utakaoliwa ili auongeze kwenye mchoro mapema.

Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kupata jibu hilo kwa jaribio la kuzamisha: vipande vya aloi (metali zilizochanganywa) ndani ya chumvi tuli, joto moja, muda unaojulikana. Ni jaribio ambalo idara yoyote ya uhandisi yenye tanuri la umeme na mizani ya kemia inaliweza. Kuzamisha ndiyo sehemu rahisi. Namba nyingi huharibikia mahali pengine: kwenye usafi wa chumvi, kwenye hesabu ya saa, na zaidi ya yote kwenye kuondoa utando wa oksidi baada ya jaribio.

Kinachotokea ndani ya chungu

Nitrati ni kioksidishaji. Inakipa chuma oksijeni, yenyewe inabaki nitriti. Juu ya chuma hujengeka utando: nje oksidi za chuma Fe2O3 na Fe3O4, ndani zaidi oksidi ya mchanganyiko wa chuma na kromiamu. Utando huo ukiwa mzima na umeshikamana, oksijeni hupenya kwa shida, na kasi ya ulikaji hushuka kadiri wiki zinavyopita.

Kromiamu inahitaji kuangaliwa kwa makini. Hewani ndiyo inayoilinda stenlesi, yaani chuma kisichoshika kutu. Ndani ya nitrati haitulii: huoksidika hadi kromati na kuyeyukia kwenye chumvi. Chumvi iliyoingia nyeupe hutoka ya manjano, na manjano hayo ni kromiamu iliyotoka kwenye aloi yako, ingawa manjano hafifu sana yanaweza kuwa ya nitriti tu. Kwa hiyo aloi yenye kromiamu nyingi zaidi si lazima iwe bora zaidi humu. Usichague kwa kusoma asilimia kwenye cheti cha kiwanda pekee.

Joto ndilo linaloamua mengi. Hadi karibu nyuzi 565 chumvi hii ni tulivu. Ukivuka 600, nitriti nayo huanza kuvunjika na kuacha ioni za oksidi, ambazo huyeyusha utando wenyewe. Stenlesi za 321 na 347 ambazo kwa nyuzi 600 hupoteza mikromita chache au makumi machache kwa mwaka, kwa nyuzi 680 hupoteza mamia. Aloi za nikeli kama Inconel 625 haziponi hapo. Kumbuka pia kwamba ukuta wa bomba la kipokezi huwa moto kuliko chumvi inayopita ndani yake. Ukipima kwa ajili ya kipokezi, joto la kupimia ni la ukuta.

Kwa kawaida chuma cha kaboni, mfano A516 daraja la 70, hutosha kwa tenki la baridi. Tenki la moto hujengwa kwa stenlesi 347H au 321H, na mabomba ya kipokezi kwa aloi za nikeli kama Inconel 625 na Haynes 230. Ukiwa mgeni kwenye kazi hii, anza na 347 au 316 kwa nyuzi 565. Matokeo yake yamejaa kwenye majarida, utaona haraka kama utaratibu wako umekaa sawa.

Chumvi: pima kloridi kabla ya kuyeyusha

Uchafu wenye madhara makubwa ni kloridi. Hupenya chini ya utando, hushambulia chuma kwa chini, na kuufanya utando uwe na vitundu na ubanduke. Mitambo hununua chumvi iliyosafishwa na kuweka kikomo cha kloridi kwenye mkataba. Wewe pima mwenyewe.

Chukua gramu 10 za chumvi, yeyusha kwenye mililita 100 za maji yaliyotoneshwa, hakikisha pH ipo kati ya 7 na 10, tia mililita 1 ya kromati ya potasiamu ya asilimia 5 kama kionyeshi, kisha dondosha nitrati ya fedha ya 0.02 M hadi rangi nyekundu ya tofali ibaki bila kufutika. Kila mililita moja ni miligramu 0.71 za kloridi. Ukitumia mililita 14.1, chumvi yako ina kloridi asilimia 0.1. Fanya pia jaribio tupu la maji peke yake na uitoe namba yake.

Usitumie mbolea ya nitrati ya potasiamu inayouzwa kwa wakulima wa kitalu nyumba, hata kama ni rahisi kupatikana. Zaidi ya kloridi, mbolea nyingi hutiwa dawa ya kuzuia kugandana ambayo mara nyingine ni mafuta au kemikali nyingine zenye kaboni, na kaboni ndani ya nitrati ya moto ni hatari ya moto na mlipuko. Nunua ya daraja la maabara. Ukitaka kupima athari ya chumvi chafu, nunua safi kisha ongeza NaCl (kloridi ya sodiamu) kwa kipimo unachokijua.

Kiasi cha chumvi hakikadiriwi kwa macho. Kanuni ya ASTM G31, kiwango cha Marekani cha majaribio ya kuzamisha, ni angalau mililita 20 za kimiminika kwa kila sentimita mraba ya chuma, ili kromati na uchafu mwingine usijazane na kubadilisha chumvi katikati ya jaribio. Chukua kipande cha milimita 30 kwa 20 kwa 2 chenye tundu la milimita 3. Eneo lake lote, pamoja na ukuta wa tundu, ni sentimita mraba 14.05. Vipande vitatu ni 42.15, kwa hiyo unahitaji mililita 843. Kwa nyuzi 565 msongamano wa chumvi hii ni kama gramu 1.73 kwa mililita, hivyo unahitaji kilo 1.46. Funga kwenye kilo 1.5: gramu 900 za nitrati ya sodiamu na gramu 600 za nitrati ya potasiamu.

Ukikosa chungu kikubwa, punguza kipande hadi milimita 20 kwa 10 kwa 2, eneo sentimita mraba 5.2, na vipande vitatu vitatosheka na gramu 540. Bei yake ni usahihi: kosa la miligramu moja kwenye mizani, ambalo kwa kipande kikubwa ni mikromita 0.8 kwa mwaka katika jaribio la saa 1000, kwa kipande kidogo huwa mikromita 2.1.

Kausha chumvi zote mbili kwa nyuzi 120 usiku kucha, changanya, kisha yeyusha kidogo kidogo kwa sababu unga hujaza nafasi kubwa kuliko kimiminika. Mchanganyiko huyeyuka wote ukifika karibu nyuzi 240. Panda taratibu hadi 400 na usubiri. Kama kuna nitrati ya magnesi ndani, itavunjika na kutoa gesi ya kahawia. Hiyo ni dioksidi ya nitrojeni, sumu ya mapafu. Kazi hii ifanyike chini ya kivuta hewa kinachofanya kazi. Dirisha lililo wazi halitoshi. Usizamishe kipande hata kimoja mpaka moshi huo uishe kabisa.

Chungu, tanuri na hewa

Chungu kiwe cha alumina safi, au cha aloi ileile unayoipima. Kamwe usitumie grafaiti: itaungua ndani ya nitrati. Vifaa vya alumini, kama waya, foili au kijiko, visikaribie chungu, na magnesi hivyohivyo. Metali hizo zinaweza kuwaka kwa ukali zikikutana na nitrati ya moto. Mbao, karatasi, matambara yenye grisi, vyote viwe mbali na meza hiyo.

Aloi moja, chungu kimoja. Ukichanganya chuma cha kaboni na stenlesi kwenye chungu kimoja, bidhaa za ulikaji za mmoja zitatua juu ya mwingine, na vikigusana utakuwa umetengeneza betri.

Tanuri linalofunguka kwa juu ndilo zuri, maana unavuta vipande bila kusogeza chungu. Kama unalo la mlango wa mbele tu, weka chungu ndani ya sinia ya stenlesi yenye ujazo mkubwa kuliko chumvi yote. Nitrati hupanda ukuta wa chungu na kumwagikia nje polepole hata bila kuchemka, na ikifika kwenye waya za tanuri, tanuri limekufa. Kwa sababu hiyo usijaze zaidi ya theluthi mbili.

Usisome joto kwenye skrini ya tanuri peke yake. Zamisha themokapo (kipima joto cha waya mbili) ya aina ya K iliyovikwa ala ya alumina ndani ya chumvi yenyewe na urekebishe tanuri kwa kufuata hiyo. Tofauti ya nyuzi 20 karibu na 600 inabadilisha jibu.

Funika kwa kifuniko kisichobana, hewa ipite. Tenki la mtambo lina hewa juu ya chumvi, kwa hiyo hewa ndiyo hali halisi. Mtu akifukuza hewa kwa nitrojeni akidhani anasafisha jaribio, anaondoa oksijeni inayozuia nitrati isivunjike, na chumvi inakuwa kali zaidi. Kuziba kabisa ni hatari: gesi inayotoka haina pa kwenda.

Vipande

Kata kwa msumeno wa maji au kwa mashine. Usikate kwa gesi, na kama umetumia grenda, sugua ukingo mpaka rangi yote ya buluu iishe. Toboa tundu karibu na ukingo mmoja. Sugua pande zote, pamoja na kingo, kwa msasa wa 120, kisha 320, kisha 600, ukigeuza kipande nyuzi 90 kila unapobadilisha msasa ili uone mikwaruzo ya zamani ikiisha. Weka alama kwa kukata mapengo madogo kwenye ukingo, kwa sababu wino hauvumilii.

Pima urefu, upana na unene kwa vernia mahali patatu kila upande. Osha kwa sabuni, kisha maji, kisha asetoni, ukaushe, uweke kwenye desiketa (chombo cha kutunza vitu vikavu) saa 24, upime uzito hadi miligramu 0.1, mara tatu. Asetoni iwe imekauka kabisa kabla kipande hakijakaribia chumvi.

Andaa vitatu kwa kila muda wa kutoa, na viwili vya akiba visivyozamishwa kabisa. Hivyo viwili vya akiba utaviona umuhimu wake wakati wa kuondoa utando.

Vining'inize kwa fimbo ya alumina iliyopita kwenye tundu, ukitenganisha kwa vipande vifupi vya bomba la alumina ili visigusane wala kugusa ukuta. Vizame vyote angalau sentimita 2 chini ya uso wa chumvi. Kabla ya kuzamisha, vishikilie juu ya chumvi ndani ya tanuri dakika 15 hadi 20. Kipande chenye unyevu kikiingia kwenye chumvi ya nyuzi 565, maji hugeuka mvuke mara moja na chumvi huruka. Vaa ngao ya uso, glavu za joto, koti la pamba na viatu vilivyofunikwa. Nguo za nailoni ziachwe nyumbani.

Saa, na umeme unapokatika

Muda mmoja hautoshi. Toa vipande saa 250, 500, 1000, na kama unaweza 2000. Saa 1000 ni siku 42 kasoro saa chache, na katika miji mingi ya kwetu hizo ni siku 42 ambazo umeme utakatika.

Weka kinasa joto kinachojitegemea kwa betri, kikiandika kila dakika. Saa zinazohesabiwa ni zile ambazo chumvi ilikuwa ndani ya nyuzi 5 za joto lililowekwa, si saa za kalenda. Katizo la dakika 10 kwenye tanuri lenye kinga nzuri mara nyingi halina neno. Chumvi ikishuka chini ya 450, andika kwamba kipande kimepita mzunguko mmoja wa joto. Ikiganda, tatizo ni kubwa zaidi: utando wa oksidi na chuma havisinyai kwa kiwango kimoja, utando hupasuka, na chumvi ikiyeyuka tena inakuta chuma kitupu. Kasi inaanza upya kana kwamba ni siku ya kwanza. Matokeo ya jaribio la namna hiyo si batili, ila ni ya mzunguko wa joto na yaandikwe hivyo. Usiyaweke kwenye jedwali moja na ya joto tulivu.

Umeme ukirudi, usiache tanuri lijipandishie lenyewe kwa kasi. Chumvi inayoyeyuka hutanuka, na ile ya chini ikiyeyuka kabla ya ganda la juu, itapasua chungu au kurukia nje. Kati ya nyuzi 180 na 260 panda kwa nyuzi 50 kwa saa, si zaidi. Jenereta ndogo inayotosha tanuri peke yake hulipa gharama yake kwenye jaribio moja la saa 2000.

Kutoa na kuosha

Vuta vipande chumvi ikiwa bado kimiminika, viache vidondoke juu ya chungu dakika moja, vipoe taratibu hewani. Loweka kwenye maji yaliyotoneshwa ya nyuzi 50 hadi 60, badilisha maji mpaka upitishaji umeme wa maji ya kuoshea ulingane na wa maji safi. Kausha, pima uzito.

Hapa ndipo wengi hudanganyika. Kipande kitakuwa kizito kuliko kilivyoingia, kwa kuwa kimebeba oksijeni ndani ya utando. Uzito kuongezeka haumaanishi chuma hakikuliwa. Na uzito ukiwa haujabadilika, inawezekana kabisa kwamba utando umejengeka upande mmoja na kubanduka upande mwingine kwa kiasi kilekile. Chunguza maji ya kuoshea na sakafu ya chungu: vipande vidogo vyeusi ni utando uliobanduka.

Kama unataka kuiona feriti ya sodiamu, NaFeO2, moja ya oksidi zinazoweza kuwemo kwenye utando, kwa mionzi ya eksi, hifadhi kipande kimoja bila kukiosha. Maji huivunja, na baada ya kuosha utaandika kwamba haikuwepo.

Kuondoa utando

Kati ya vipande vitatu, kimoja kibaki kwa ajili ya kukatwa na kutazamwa. Viwili viondolewe utando kwa kufuata ASTM G1 au ISO 8407, viwango vya kusafisha vipande vya majaribio ya ulikaji.

Kwa chuma cha kaboni: mililita 500 za asidi ya hidrokloriki nzito, gramu 3.5 za heksamini, jaza maji hadi lita 1, joto la chumbani, dakika 10. Heksamini ndiyo inayozuia asidi isile chuma chenyewe, usiiache.

Kwa stenlesi, asidi ya nitriki ya asilimia 10 kwa nyuzi 60, dakika 20, hufaa kwa utando mwepesi. Utando wa joto kali wenye kromiamu mara nyingi hauitiki. Hapo chemsha kipande dakika 5 kwenye gramu 200 za NaOH (hidroksidi ya sodiamu) na gramu 30 za pamanganeti ya potasiamu zilizojazwa maji hadi lita 1, suuza, kisha dakika 5 kwenye gramu 100 za sitrati ya diamonia kwa lita 1, nayo ikichemka. Pamanganeti huoksidisha kromiamu ya utando iyeyuke, sitrati huchukua chuma. Hii ni kazi ya miwani na glavu ndefu. NaOH inayochemka huunguza jicho kabla hujafika kwenye bomba.

Rudia mzunguko mzima mara nyingi, na kila mara osha, kausha, pima. Andika upotevu ukilinganisha na uzito wa mwanzo kabisa. Tuseme kipande cha 316 cha saa 1000 kimetoa hivi: baada ya mzunguko wa kwanza miligramu 7.8, wa pili 11.0, wa tatu 12.3, wa nne 12.5, wa tano 12.7. Hadi wa tatu unaondoa utando. Kutoka hapo kila mzunguko unaondoa miligramu 0.2 tu, na hiyo ni kemikali inayokula chuma safi. Rudisha mstari huo wa 0.2 nyuma hadi mzunguko wa sifuri upate 11.7. Jibu la kweli lipo kati ya 11.7 na 12.3. Andika 12.0.

Sasa vile vipande viwili vya akiba. Vipitishe kwenye kemikali zilezile, idadi ileile ya mizunguko. Vikipoteza karibu miligramu 0.2 kila mara, umethibitisha. Vikipoteza zaidi, kemikali yako ni kali mno, au joto limezidi.

Hesabu

Kasi ya ulikaji kwa milimita kwa mwaka = 87,600 × upotevu (g) ÷ (eneo, cm² × saa × msongamano, g/cm³)

Kwa mfano wetu, ukichukua msongamano wa 316 kuwa 8.0: 87,600 × 0.0120 ÷ (14.05 × 1000 × 8.0) = 0.0094. Hiyo ni mikromita 9.4 kwa mwaka.

Usiichukue namba hiyo ukaizidisha kwa 30. Ukifanya hivyo utapata mikromita 281. Lakini kama utando unalinda na ulikaji unafuata kanuni ya parabola, kina huongezeka kwa kipeuo cha pili cha saa. Miaka 30 ni saa 262,800, kipeuo cha pili cha uwiano wake na saa 1000 ni 16.2, na kina cha saa 1000 ni mikromita 1.07. Jibu ni mikromita 17. Tofauti kati ya 281 na 17 ndiyo sababu ya kutoa vipande saa 250, 500, 1000 na 2000. Chora upotevu dhidi ya kipeuo cha pili cha saa. Mstari ukinyooka, utando unalinda. Ukipinda kwenda juu, unabanduka, na mbunifu wa tenki atumie ile namba kubwa.

Ripoti yoyote iwe na: aloi na cheti chake, kloridi ya chumvi, uwiano wa mililita kwa sentimita mraba, joto la chumvi lenyewe, saa zilizohesabiwa, idadi ya mizunguko ya joto, na njia ya kuondoa utando. Ripoti isiyo na kloridi au isiyosema utando uliondolewaje haiwezi kulinganishwa na nyingine.

Kutazama kipande kilichokatwa

Kile kipande cha tatu kizamishe kwenye gundi ya epoksi, kikate katikati, king'arishe, kiangalie kwa darubini ya elektroni yenye kipimo cha elementi. Tazama vitu viwili kwa makini: kama chini ya utando kuna ukanda uliopungukiwa na kromiamu, na kama ulikaji umeingia kwenye mipaka ya punje, yaani fuwele ndogo zinazounda metali. Ulikaji wa sawasawa wa mikromita 5 hauogopeshi. Mpasuko wa mikromita 50 uliopita kwenye mipaka ya punje unaogopesha, na mizani haiuoni kwa sababu hauna uzito wa maana.

Pima na chumvi pia. Yeyusha gramu 1 kwenye maji, chuja, pima kromiamu kwa mashine ya ufyonzaji wa atomu. Kilichopita kwenye chujio ni kromati, kwa kuwa oksidi ya kromiamu ya kawaida haiyeyuki. Zidisha kwa uzito wa chumvi yote, ugawe kwa eneo la vipande. Namba hiyo haipiti kwenye utata wa kuondoa utando, kwa hiyo ni shahidi mzuri wa pili.

Jaribio hili halikuambii kila kitu

Mtambo wa umeme wa jua wa Crescent Dunes kule Nevada, Marekani, ulisimama Oktoba 2016 kwa sababu tenki la chumvi lilivuja, ukarudi kazini katikati ya 2017. Matenki ya moto ya aina hii mara nyingi huumizwa na mkazo: sakafu ya tenki hutanuka na kusinyaa joto linapobadilika, hujikunja, na maungio ya 347H yaliyochomelewa yanaweza kupasuka wakati mkazo uliobaki ndani yake unapolegea kwenye joto la juu. Kipande kilichoning'inizwa bila mzigo hakitaonyesha hilo. Ukiweza, andaa seti moja yenye ungio la kuchomelea katikati, na nyingine iliyopindwa na kufungwa kwa bolti ya aloi ileile. Zitazame kwa darubini, usizihesabu kwa uzito.

Usilipeleke jaribio hili hivi kwenye chumvi za kloridi wala fluoridi

Chumvi za kloridi ya magnesi, potasiamu na sodiamu, na zile za fluoridi za vinu vya nyuklia, zina kanuni tofauti kabisa. Humo hakuna utando unaodumu. Kromiamu huacha aloi moja kwa moja kwa sababu kati ya kromiamu, chuma na nikeli, ndiyo yenye kloridi na fluoridi tulivu zaidi. Aloi ya Hastelloy N iliyotumika kwenye kinu cha nyuklia cha majaribio cha Oak Ridge, Marekani, kilichofanya kazi kati ya 1965 na 1969, ilipewa kromiamu asilimia 7 tu kwa sababu hiyo.

Hewa, ambayo kwenye nitrati ni rafiki, humo ni adui. Kloridi ya magnesi hubeba maji, na ukiipasha haraka hutoa asidi ya hidrokloriki na kuacha MgOHCl, ambayo ndiyo inayokula aloi. Inahitaji sanduku la glavu lenye argoni, ukaushaji wa hatua kwa hatua, na mara nyingi magnesi ya metali ndani ya chumvi ili kunyonya uchafu. Vipande vyake vinang'arishwa kwa pombe badala ya maji. Kama huna sanduku la glavu, usianze. Matokeo ya kloridi iliyoyeyushwa wazi hewani hupima unyevu wa chumba chako.

Chumvi iliyotumika

Chumvi ya manjano ina kromiamu ya valensi sita, inayosababisha saratani. Usiiguse kwa mkono mtupu, usisage bila barakoa ya vumbi, usimwage kwenye sinki, na usiichukue kama mbolea. Maji ya kuoshea na kemikali za kuondoa utando yakusanywe kwenye madumu tofauti, asidi mbali na pamanganeti, yaandikwe yaliyomo na tarehe, na yakabidhiwe kwa mzoa taka hatari mwenye leseni ya mamlaka ya mazingira, NEMA nchini Kenya, au kibali cha mamlaka husika nchini Tanzania. Chumvi kavu ikisubiri kuchukuliwa ikae kwenye ndoo yenye kifuniko, mbali na rangi, mafuta na vumbi la mbao.